Maswali Yenu: Kilele cha 335 Kinatoka Wapi?

Swali: Ndugu wahariri, salaam. Miaka yote nimefanya kazi kwa taitresheni na kwa vipimo vya mwanga. Sasa nimekabidhiwa spektrometa ya tungamo (mashine inayopima uzito wa molekuli) ili nipime sumukuvu kwenye karanga na mahindi. Aflatoksini B1, mojawapo ya sumu hizo, ina tungamo 312, lakini kwenye skrini 312 haipo kabisa. Ninaona 313 na 335, na 335 ndiyo ndefu kuliko zote. Mashine imeharibika, au standadi (sampuli ya kiasi kinachojulikana) imechafuka? *Mkemia, Dodoma mjini.*

Jibu: Dalili hizi si za mashine mbovu wala standadi mbaya. Mashine hii haioni molekuli tupu. Inaona ioni, yaani molekuli yenye chaji, na namba unayoisoma ni tungamo ya ioni iliyogawanywa kwa idadi ya chaji zake. Kimiminika kinapotoka kwenye sindano yenye volti 3,000 hivi, hutawanyika kuwa matone madogo. Naitrojeni ya moto huyakausha, na molekuli hutoka ikiwa imeng'ang'aniwa na kitu chenye chaji. Ikishikwa na protoni unapata 313. Ikishikwa na sodiamu, ambayo ni 23, unapata 335. Ikishikwa na potasiamu, 351.

Kwa hiyo jizoeze kusoma tofauti kati ya vilele kabla ya kusoma kilele kimoja kimoja. Tofauti ya 22 kutoka kwenye ioni ya protoni ni sodiamu, 38 ni potasiamu, 17 ni amoniamu. Ukiona vilele vingi vimepangana kama ngazi, kila kimoja kikimpita mwenzake kwa 44, hiyo ni polietilini glaikoli, na mara nyingi imetoka kwenye sabuni ya kuoshea vyombo.

Hiyo 335 usiiache hivyo hivyo. Kipimo cha sumukuvu kwa kawaida huchagua 313, huivunja kwa gesi, kisha huhesabu vipande vya 285 na 241. Kipande cha 285 ni 313 iliyopoteza 28, yaani kaboni monoksaidi. Ioni yenye sodiamu haivunjiki vizuri, na isitoshe njia yako imeagizwa kuchukua 313 tu. Kila molekuli iliyokwenda 335 imepotea kwenye hesabu yako.

Sodiamu inatoka wapi? Tazama ukoko mweupe ndani ya birika la nyumbani. Sehemu kubwa ya ukoko huo ni kalisi, lakini maji ya visima vyetu huku yana sodiamu pia, nayo haionekani kwa macho. Chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba ikakaushwa inabaki nayo. Kioo chenyewe huitoa, na jasho la vidole pia. Tumia maji na methanoli za daraja la spektrometa, weka maji kwenye chupa ya polipropilini, vaa glavu, na usioshe chupa za kimiminika kwa sabuni. Kisha weka asidi ya fomiki mililita 1 kwa lita, pamoja na amoniamu fometi gramu 0.315 kwa lita, ambayo ni milimola 5. Amoniamu hushindana na sodiamu, halafu huachia protoni kwa molekuli. Bafa ya fosfeti usiiguse: haivukizwi, na itaganda kwenye mdomo wa mashine.

Kuna mtego mmoja zaidi kwenye spektra hiyo. B1 ina atomi 17 za kaboni, na katika kaboni yoyote takriban asilimia 1.1 ni kaboni 13, isotopu iliyo nzito kwa 1. Hivyo 314 inatakiwa ifike karibu asilimia 19 ya 313, na 315 karibu asilimia 3. Ukiona 315 imepanda kuliko hapo, huenda ni aflatoksini B2, ambayo ioni yake ya protoni ni 315 vilevile. Kwadrupoli, yaani kichujio cha tungamo ndani ya mashine, haiwezi kuzitenganisha hizo mbili kwa tungamo. Kolamu, lile bomba ambalo sampuli hupitia kabla ya kufika kwenye mashine, ndiyo inayozitenganisha kwa muda wa kutoka, kwa hiyo usiiruke kolamu kwa kutaka haraka.

Swali: Standadi ya nanogramu 2 kwa mililita inanipa eneo la 84,000. Nikiweka kiasi hicho hicho kwenye mchujo wa karanga safi, napata 50,400. Je, sumu inapotelea kwenye uchujaji? *Msomaji, Kongwa.*

Jibu: Kama uliiweka baada ya kuchuja, haikupotelea huko. Mafuta na vitu vingine vya karanga vinatoka kwenye kolamu pamoja nayo na kuinyang'anya chaji ndani ya matone. Umebakiwa na asilimia 60. Jambo hili ni zito. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa jumla ya aflatoksini. Sampuli yenye 7, ikidhoofishwa hivyo, husomeka 4.2 na kupita. Mkoa huu wa Dodoma na ule wa Manyara ilikumbwa na sumukuvu mwaka 2016, watu wakafa. Hatuna nafasi ya kupitisha gunia kwa kosa la hesabu.

Dawa bora ni standadi ya ndani, inayoongezwa kwenye kila sampuli, ya B1 iliyotengenezwa kwa kaboni 13 tupu. Ioni yake ni 330 na kipande chake ni 301, nayo hudhoofishwa sawasawa na mwenzake, kwa hiyo uwiano haubadiliki. Kama bajeti haitoshi, tengeneza mstari wa standadi ndani ya mchujo wa karanga zilizothibitishwa kuwa safi. Ondoa mafuta kwa heksani, na kama unyeti unaruhusu, zimua mchujo mara 10. Ili ujue upotevu wa uchujaji wenyewe, weka standadi kwenye sampuli nyingine *kabla* ya kuchuja, kisha linganisha na ile uliyoiweka baada.

Swali: Umeme ukikatika tufanyeje? *Fundi wa maabara, Dodoma.*

Jibu: Usiwashe papo hapo ukirudi. Zima swichi kuu, uache pampu ya turbo isimame yenyewe. Umeme ukishatulia, washa pampu na uvute ombwe usiku mzima kabla ya kufungua volti za ditekta, sehemu inayohesabu ioni. Tazama kidirisha cha mafuta cha pampu ya kwanza: yakiwa ya kahawia, badilisha. Msimu wa vumbi, safisha vichujio vya feni kila wiki, maana pampu ikipata joto hujizima hata umeme ukiwepo.