UPS si jenereta: itunze betri yake

Watu wengi hununua UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, wakidhani wamenunua saa mbili za kazi. Sivyo. Ile ndogo ya nyumbani, ya VA 650 (kipimo cha nguvu yake), kwa kawaida ina betri moja tu ya volti 12, ampea-saa 7 hivi. Kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi ulichoandika na kuzima kompyuta. Anayekomaa na kazi mpaka UPS ijizime yenyewe ndiye anayeiua. Betri ya risasi na asidi ikiishiwa kabisa, halafu ikakaa siku kadhaa bila kuchajiwa, salfeti hugandia kwenye sahani zake na uwezo haurudi wote.

Mimi huku Tabata umeme ukikatika nahifadhi faili, nazima, natoka kupunga upepo. Umeme ukirudi, UPS inabaki kwenye soketi hata kama sina kazi. Kuna wanaozima swichi ya ukutani kila usiku ili kubana uniti za LUKU, na UPS wameiacha inawaka. Inakesha ikila betri yake na kupiga kelele mpaka alfajiri!

Lakini kwa Dar adui mkubwa ni joto. Umri wa betri hizi hukadiriwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 25, na kila zikiongezeka 10 hupungua karibu nusu. Januari na Februari chumba changu hupita 30 bila taabu, kwa hiyo ile miaka mitatu hadi mitano inayosemwa siitarajii. Ninachoweza ni kuiweka chini kwenye marumaru, mbali na jua la dirishani, matundu yake yakiwa wazi. Vitambaa vya kufuma vibaki kwenye makochi.

Printa ya leza usiichomeke humo, wala pasi. Ruta haina neno. Na kama mtaani kwenu taa hufifia jioni, tafuta UPS yenye stabilaiza, yaani kisawazisha umeme, ndani. Isiyo nayo hukimbilia betri kila umeme unaposhuka, nawe huku hujui kwa nini imechoka mapema.

Kila baada ya miezi michache naizimia swichi ya ukutani makusudi, kazi zikiwa zimehifadhiwa, nione inadumu dakika ngapi. Zikipungua sana, naenda Kariakoo kununua betri nyingine ya volti na vipimo vilevile. Hapo usione haya: omba ipimwe kwa mita mbele yako. Ikisoma chini ya volti 12.4 imekaa sana dukani, irudishe kwenye rafu.

Ya zamani ikiwa imevimba, usiibandue kwa bisibisi. Mpe fundi aitoe, kisha iende kwa wanunuzi wa betri chakavu, si jalalani, maana risasi ni sumu. Na fundi akitaka kuitoboa aiongezee maji, mkatalie. Imezibwa kiwandani makusudi.