Masta ya uhandisi na MBA kwa mpigo, inawezekana?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni injinia wa mitambo, nina miaka minne kiwandani huku Moshi. Mwezi uliopita pampu ya boila ilikufa usiku, asubuhi nikaenda kwa meneja kuomba tununue mpya, akaniuliza kitu kimoja tu, uzalishaji ukisimama saa moja tunapoteza shilingi ngapi? Nikabaki namkodolea macho. Tangu siku hiyo nataka nisome MBA, yaani masta ya biashara, ila masta ya uhandisi nayo naitaka, na nasikia kuna vyuo unasoma zote mbili kwa pamoja. Ni kweli au stori za kijiweni? Mzee ameshasema nikipata shule atauza ng'ombe.
Fundi wa mtaa wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ng'ombe wa mzee waache zizini kwanza.

Ni kweli, zipo, tena za siku nyingi. Pale MIT Marekani kuna programu inaitwa Leaders for Global Operations, ilianza 1988 kwa jina la Leaders for Manufacturing, unakaa miaka miwili unatoka na MBA na masta ya uhandisi, wakati ukisoma moja moja utakaribia miaka minne. Sio uchawi, kuna masomo yanahesabika pande zote mbili, halafu miezi sita unapelekwa kwenye kampuni unapewa tatizo lao la kweli, na tasnifu yako inatokana na hilohilo. Harvard nao walianzisha ya kwao 2018, miaka miwili vilevile, ila hiyo imekaa zaidi kwa mtu anayetaka kuanzisha au kuongoza kampuni ya teknolojia. Utafanya mtihani wa kuingilia, GRE au GMAT, matokeo yanadumu miaka 5, kwa hiyo hata ukifanya mapema hayaozi.

Huku kwetu unaunganisha mwenyewe. Masta ya sayansi na uhandisi iko chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, MBA utaipata ESAMI au Chuo cha Uhasibu Njiro, zote Arusha hukohuko, na hapo hapo Moshi Chuo Kikuu cha Ushirika nao wana masta ya biashara. Mimi nilipita njia hii, moja baada ya nyingine, MBA nikasoma jioni, narudi na daladala ya mwisho nasinzia begi likiwa magotini, tasnifu ikalala kabatini mwaka mzima, kwa hiyo usije ukadanganywa kwamba kusoma huku unafanya kazi ni rahisi. Na kama hujamaliza ile miaka 3 ya mafunzo ya vitendo ya ERB, ile bodi ya kusajili wahandisi, ili usajiliwe kama injinia mtaalamu, maliza hiyo kwanza, maana waajiri wetu wengi wanaangalia muhuri kabla ya masta.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuuliza. Swali la meneja wako halihitaji MBA, linahitaji daftari na mhasibu wa hapo kiwandani. Mnunulie chai na chapati mbili ukae naye. Chukua mzigo mnaotoa kwa saa zidisha kwa bei ya kuuzia, toa malighafi ambayo haikutumika, halafu ongeza kuni au mafuta ya kupasha boila upya na mzigo ulioharibika ulipokuwa bado ndani ya mashine. Mishahara ya watu waliokaa bure usiiongeze juu, ile ilikuwa inalipwa tu, ukiiongeza umeihesabu mara mbili (mimi nilichekwa kwa kosa hilo hilo darasani). Angalia pia kama mnaweza kufidia Jumapili, mkiweza hasara inabaki ndogo sana, ni ovataimu tu, kuni au mafuta ya kupasha boila upya na huo mzigo ulioharibika.

Fanya hivyo kwa kila mashine inayokusumbua, mwaka mzima, andika tarehe na saa. Hizi programu za pamoja zinamtaka mtu aliyeshafanya kazi, na kwenye maombi watakuuliza umebadilisha nini ulipokuwa. Wenzako wataandika kwamba wana ndoto ya uongozi, wewe utawaeleza habari ya boila.

Halafu hujasema, pampu mlinunua au bado mnaifunga kwa waya?