Foku isiyo na shokapu kwa baiskeli ya kwendea kazini: pima kwanza, ndipo ulipe

Ndugu yangu uliyeuliza utapata wapi, kwa bei nafuu, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na shokapu ya kufunga kwenye baiskeli yako ya milimani ya inchi 26, naomba nikujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, nami huenda nayo kazini kutoka Kimara hadi Posta, Dar es Salaam. Shokapu zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba nikishika breki ya mbele foku nzima ilicheza, na nikipanda mlima nguvu za miguu ziliishia kwenye springi. Nilinunua foku ya chuma ya baiskeli ya zamani kwa shilingi 15,000, nikaifurahia bei nisiipime. Tulipoifunga, baiskeli iliinama mbele, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, na katika kona ya kwanza pedeli ilikwaruza lami.

Tatizo lilikuwa urefu, ambao hupimwa kuanzia katikati ya ekseli hadi pale inapokaa pete ya beringi ya chini, yaani mwanzo wa bomba la foku linaloingia kwenye shingo ya fremu. Foku ya inchi 26 yenye shokapu inayobonyea milimita 100 huwa na urefu wa takriban milimita 470, na ukishaketi hushuka hadi kama 445. Zile za zamani, zilizotengenezwa kwa fremu zisizotarajia shokapu, huwa karibu na 400. Kila milimita 20 unazopunguza huisimamisha shingo ya baiskeli kwa takriban digrii moja. Kwa hiyo, ikiwa shokapu yako ni ya milimita 100, tafuta foku ya kati ya 430 na 450.

Kabla ya kwenda madukani Kariakoo, wazungukie mafundi wanaouza vipuri vya baiskeli zilizovunjika fremu, ukiwa na futi mkononi. Bomba hilo la foku, liitwalo bomba la usukani, liwe na kipenyo sawa na la kwako, ambalo kwa baiskeli nyingi za aina hii ni milimita 28.6, na lisiwe limekatwa fupi kuliko lako. Foku ya baiskeli ya inchi 29 yaweza kukufaa ikiwa unatumia breki za diski. Kwa breki za rimu haifai kabisa, kwa sababu vishikio vyake vya breki viko juu mno na mipira haitaifikia rimu yako. Kagua pia kwa kidole maungio yaliyochomelewa chini ya bomba, na popote rangi ilipopasuka mstari mwembamba, iache hata ukipewa bure, kwani foku ikikatika barabarani hutapata nafasi ya kujiokoa.

Foku yangu ya pili niliipata kwa shilingi 35,000, yenye urefu wa milimita 440. Kwenye mizani ya muuza mchele jirani na fundi, ile ya shokapu ilikuwa na kilo 2.6 na hii kilo 1.2, na tangu siku ile pedeli haijagusa lami tena.