Barua kwa mwanangu aliyenunua Roadster

Malindi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: "Mama, gari hili nimelitamani miaka yote, sasa ninalo, na wiki mbili hizi nalipenda na papo hapo linanitia wasiwasi. Gia ya pili ni ngumu asubuhi, gari linarukaruka kama mkokoteni, na nguvu siioni mpaka injini ipige kelele. Nimeuziwa gari bovu, au ndivyo lilivyo?"

Mengi ya hayo ni tabia ya gari lenyewe. Moja laweza kuwa maradhi, na hilo utalipima mwenyewe kwa dakika tano kabla hujamwita fundi.

Tuanze na gia ya pili, kwa maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Roadster yako ya 2019, kigari cha Mazda cha viti viwili ambacho kwengine huitwa MX-5, ina injini ya lita 1.5 na gia sita za mkono. Gia ya kwanza ni fupi sana: injini huzunguka mara 5.087 ndipo shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Ya pili ni 2.991. Piga hesabu uone: ukitoka ya kwanza kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, injini yatakiwa ishuke hadi kama 2,350 ndipo ya pili iingie bila ugomvi. Gia nyingine zote zimekaribiana kuliko hizo mbili. Kazi ya kusawazisha tofauti hiyo hufanywa na pete ndogo ambazo mafundi huziita sinkronaiza. Pete hujibana kwenye koni ya gia, msuguano ukazilinganisha kasi, ndipo meno yakaingiana. Asubuhi yenye baridi oili ya giaboksi huwa nzito, na pete lazima kwanza iikate oili hiyo ndipo ishike koni. Ndio ule ukaidi unaousikia mkononi. Roadster zinajulikana kwa jambo hilo tangu vizazi vya nyuma.

Dawa yake ni subira ya kilomita chache. Badilisha kwenye mizunguko 2,500 hivi, ambayo kwa gia ya kwanza ni mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa. Kanyaga klachi mpaka chini, toa ya kwanza, uache mkono utulie katikati kwa muda wa kutamka "bismillahi", kisha uielekeze gia ya pili kwa kiganja kilicholegea, bila kuikamata ngumi. Utaisikia kama inakataa, halafu inalainika na kuingia yenyewe. Ule ulaini ndio pete imemaliza kazi. Ukiisukuma kabla ya hapo unaila pete, na pete ikiisha giaboksi yote hushushwa. Wala usidanganywe na mshale wa joto la injini: maji hupata moto mapema, oili ya giaboksi huchelewa nyuma kwa kilomita kadhaa.

Sasa kile kipimo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, pitisha gia zote sita na ya nyuma. Kisha washa injini gari likiwa limesimama, ufanye vilevile. Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, na zote zikawa ngumu ikiwa inawaka, ujue klachi haiachii kikamilifu. Aghlabu ni hewa au maji yaliyoingia katika mafuta yake. Klachi ya gari hili huendeshwa kwa mafuta ya breki, na huchota katika chupa ileile ya breki chini ya boneti. Itazame: mafuta yakiwa meusi kama chai ya rangi, au yameshuka chini ya alama, yamwagwe yatiwe mapya na hewa itolewe kwenye breki na klachi pia. Mafundi wengi humaliza breki wakasahau klachi, kwa hivyo simama hapo hapo. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani, na kila miaka miwili ni haki yake kubadilishwa.

Ikiwa ni ya pili peke yake inayokwaruza, na inakwaruza hata baada ya kuendesha nusu saa, hapo pete imechakaa, na hilo ni la kumrudia aliyekuuzia mapema. Lakini ulivyonieleza, ugumu huondoka ukifika kazini. Basi moyo wako utulie.

Pamoja na hayo, badilisha oili ya giaboksi, kwa sababu hujui iliyomo ina umri gani. Ni kama lita mbili tu. Mwambie fundi unataka ya giaboksi yenye alama ya GL-4. Wengi huwa na kopo moja la GL-5 la difu, yaani la gia za magurudumu ya nyuma, na hulitia kila mahali. Dawa za oili ya difu hufanya pete ziteleze pale zinapotakiwa kushika, na baadhi yake hula shaba. Na fundi afungue nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Akimwaga kwanza kisha nati ya juu ikagoma, gari litalala pale pale bila oili.

Gia ya nyuma ukiisikia inakwaruza, ni haraka yako. Kanyaga klachi, hesabu mbili, ingiza ya kwanza kidogo ili vilivyomo ndani visimame, ndipo ubonyeze mkono chini na kuupeleka kushoto mbele.

Kuhusu nguvu, mwanangu, hilo jambo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni Nairobi yenyewe unakokaa. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kuliko ya Malindi kwa kama sehemu moja kati ya sita. Injini yako haina tabo ya kuisukumia hewa. Kwa hivyo zile nguvu za farasi 130 na kitu zilizoandikwa kwenye makaratasi, huko juu unapata kama 110. Ukishuka huku pwani utadhani umebadilishiwa injini.

Ya pili ni umbo la injini. Umezoea gari la otomatiki ambalo hukutafutia nguvu lenyewe. Hili nguvu zake ziko juu, kilele kiko kwenye mizunguko 7,000. Chini ya 2,500 halikupandishi kilima kwa gia ya nne. Ile kelele unayoiogopa ni injini inafanya kazi iliyoundiwa. Ikishapata moto, kila safari ipandishe mara moja mpaka 5,000 au 6,000 mahali panaporuhusu, uisikie sauti inavyobadilika kutoka mngurumo kuwa mlio mwembamba. Hapo ndipo utakapolijua gari ulilonunua. Hata watu wawili wakiwa ndani halifiki tani moja na robo, bado ni jepesi, na uzuri wake haumo katika mbio za kumpita mtu. Umo katika kona unayoiingia kwa 60 na usukani ukakwambia vidoleni lami imeshika wapi na wapi pana mchanga.

Petroli uitie ya oktani ya juu kila unapoipata. Injini hubana hewa mara 13, na petroli hafifu huwaka kabla ya wakati. Kompyuta itachelewesha cheche kuiokoa injini, nawe utapoteza nguvu na mafuta.

Kurukaruka nako, kabla hujalaumu shokomzoba, pima upepo wa matairi. Kiwango cha gari hili ni psi 29, mbele na nyuma. Vijana wa vituo vya mafuta hutia 35 kwa mazoea ya magari mazito, na kwenye gari la kilo 1,000 hivi tairi hugeuka mpira wa kuchezea. Tairi zako ni 195/50 za inchi 16, maana yake ukuta wa tairi haufiki sentimita 10. Shimo lenye kingo kali hufika kwenye rimu upesi. Nunua kipimo chako mwenyewe, upime asubuhi kabla ya kutoka.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo cha upepo husoma tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Ukishuka kutoka Nairobi hadi baharini, hewa ya nje huongezeka uzito, na kipimo kitasoma pungufu ya kama psi 2 na nusu, ingawa hakuna kilichovuja. Joto la huku hurudisha sehemu yake. Kwa hivyo pima tena ukilala usiku mmoja hapa, na ukirudi juu pima tena upunguze.

Klachi ndiyo itakayokula pesa zako usipoitunza. Kwenye foleni usiishikilie nusu. Acha nafasi ya gari moja mbele yako, ingiza ya kwanza, achia klachi yote bila kukanyaga mafuta. Gari litakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mguu wa kushoto usipumzike juu ya pedali, hata kwa uzito wa kiatu, kwa maana beringi ya kuachilia huzunguka muda wote huo. Kujua kama pleti ya klachi imechakaa: gia ya tano, mwendo wa 60, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda haraka na mwendo ukabaki nyuma, inateleza. Fanya mara moja tu. Kurudia ni kuiunguza.

Kushusha gia utajifunza polepole. Ukitoka ya tatu kwenda ya pili, injini yahitaji kupanda kwa karibu nusu: kama ilikuwa 2,500 iwe kama 3,700. Basi punguza mwendo kwa breki kwanza, kanyaga klachi, na wakati mkono unapita katikati gusa mafuta kidogo, kisha ingiza na uachie. Ukipatia hutasikia kitu, gari halitatikisika hata kidogo. Ukikosea litainamisha pua. Pete zitakushukuru.

Redio nayo, ikisimama kwenye FM 95 isipande, ni ya masafa ya Japani gari lilikotoka, na menyu za Kijapani kwenye skrini ni suala la programu. Yote mawili hayana haraka.

Umesema Idi utakuja nalo. Njoo nalo, lakini sikiliza. Gari hili halina speatairi. Limewekewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Chupa imeandikwa tarehe ya mwisho, na ya gari la 2019 karibu hakika imekwisha. Nunua nyingine, na uongeze vijiti vya kuzibia pancha. Ukuta wa tairi ukichanika hakuna dawa, utabebwa kwa gari la kuvuta, kwa hivyo usiendeshe usiku. Tangi ni lita 40. Tia Voi hata kama mshale haujashuka sana. Ukifika Mariakani pinda kushoto upite Kaloleni utokee Mavueni, uepuke misongamano ya Mombasa na Mtwapa. Kwenye matuta, maliza breki kabla ya tuta na uachie pedali magurudumu yanapoanza kupanda. Ukiwa bado umebana breki pua huinama, na ndipo bampa la mbele hukwaruza.

Huku pwani adui ni chumvi. Asubuhi utasikia breki zikikwaruza mara ya kwanza unapozikanyaga; hiyo ni kutu nyembamba ya usiku mmoja kwenye diski, hufutika kwa kukanyaga mara tatu. Ukiliacha siku nyingi usivute breki ya mkono, itagandana. Liache kwenye gia ya kwanza na jiwe chini ya gurudumu. Kuosha, tumia maji ya mfereji na umwagie chini ya gari pia. Maji ya kisima chetu yana chumvi, usimruhusu mtu kuyatumia.

Paa la kitambaa lina mifereji miwili midogo ya kutolea maji, nyuma ya viti, kila upande mmoja. Ikiziba, mvua hujaa nyuma ya kiti na kuingia chini ya zulia, na nyaya huoza bila wewe kujua. Uikague kabla ya kuondoka: fungua paa nusu, mwaga kikombe cha maji taratibu pale pembeni, utazame kama yanatoka chini ya gari. Yakisita, pitisha uzi mnene wa plastiki kwa upole, usitumie waya. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano na huingia humo moja kwa moja, na uani kwetu yanamwagika kutwa kucha kusi ikivuma. Nimeshasafisha ile nafasi ya upande wa jikoni, chini ya bati. Gari lako litakaa hapo.

Mamako