Shida ni maji: vitamutamu vya matunda na mboga vilivyonishinda na vilivyokubali

Mara ya kwanza nimewatengenezea wanangu barafu za embe, mdogo alilamba mara tatu akanirudishia kijiti, akasema mama hili jiwe. Nikadhani ananitania, nikaonja mwenyewe, kweli jiwe, jiwe la njano lisilo hata na utamu, na maembe niliyotumia yalikuwa yale ya kunyonya mpaka kokwa linabaki jeupe. Nilisimama pale mbele ya friji najiuliza utamu wote ule umeenda wapi jamani.

Niliingia kwenye haya mambo baada ya kuanza tabia ya kusoma nyuma ya pakiti za biskuti na juisi, tabia mbaya sana hiyo, ukishaianza huwezi kununua kitu kwa amani tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, likasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai hivi. Sasa kilichonishtua mimi sio hivyo vijiko, ni kwamba kwenye hesabu hiyo wanaweka na asali na juisi ya matunda, hata ile unayokamua mwenyewe nyumbani bila kuweka chochote. Tunda zima halihesabiwi, ila ukishalikamua ukatupa makapi ile sukari inaingia kwenye hesabu. Na mi nilikuwa najisifu kila siku na chujio langu! Tangu siku hiyo nikasema kitu chochote nitakachowatengenezea kitatumia tunda lote, nyama na nyuzinyuzi zake, juisi ibaki ya mara mojamoja.

Hapo ndo matatizo yalipoanza, maana mapishi mengi unayoyaona yanakwambia weka karoti, weka boga, weka nanasi, kana kwamba unaweka unga. Hayakwambii kuwa unaweka maji. Ndizi yenyewe unayoiona kavukavu ile robo tatu yake ni maji, karoti ni karibu asilimia 88, tikitimaji linapita 90. Karibu kila kitu kilichoniharibikia jikoni, nikikifuatilia mpaka mwisho, nakuta ni maji ambayo sikuyafikiria.

Turudi kwenye zile barafu. Nilichokosea ni kwamba nilisaga embe nikaongeza maji ili lipite vizuri kwenye blenda, nikamimina, nikagandisha. Maji matupu yanaganda kuwa jiwe, sukari ndiyo inayoyazuia yasigande sana, na mi nilikuwa nimeipunguza hata ile ya embe lenyewe kwa kuongeza maji juu. Alafu ulimi ukipata baridi hausikii utamu vizuri, kwahiyo kitu kilichokuwa kitamu sawasawa kwenye blenda kikiganda kinakuwa kama kimepooza. Siku hizi siweki maji kabisa, naweka embe lililoiva sana, ndizi moja mbivu na mtindi mzito vijiko vitatu vinne, maana mafuta kidogo ya mtindi na ule utelezi wa ndizi vinafanya barafu iume kwa ulaini. Naonja kabla ya kugandisha, na ikiwa tamu kidogo kupita ninavyotaka najua hapo ndo penyewe. Na chumvi, punje chache tu kati ya vidole viwili, usiniulize kwa nini kwenye kitu kitamu, weka utaona.

Kama una blenda na friza lakini huna muda wala akili ya mapishi, anza na aiskrimu ya ndizi, hiyo haijawahi kumshinda mtu. Siri iko kwenye kuiva, ndizi iwe imeshaanza madoadoa meusi kwenye ganda, ile ambayo watu wanaikataa kwenye kikapu, kwasababu wanga wake umeshageuka sukari. Ya njano safi yenye ncha za kijani itakupa kitu chenye ladha ya unga. Menya, kata vipande vya sentimita moja, panga kwenye trei visigusane, gandisha usiku mzima. Ukishavitia kwenye blenda usishtuke, kwanza vinaruka na kupiga kelele kama kokoto, alafu vinakuwa chengachenga kama makombo ya mkate, hapo watu wengi ndo wanakata tamaa wanamimina maziwa, usimimine! Zima, sukuma za pembeni na mwiko, washa tena, zima, sukuma, kama mara tano hivi. Kuna sekunde moja ambayo zile chenga zinashikana ghafla zinakuwa uji mzito unaong'aa, unazunguka taratibu kama aiskrimu ya mashine, na hujaweka kitu kingine chochote. Nilivyoona mara ya kwanza nilimwita mume wangu aje aangalie blenda, akaniona kama nimechanganyikiwa. Ukitaka ya chokoleti weka kijiko cha kakao, ukitaka ya karanga weka kijiko cha siagi ya karanga. Ila iliwe palepale, ukiirudisha friza mpaka kesho inarudi kuwa kokoto na inabidi uisage upya.

Krispi za viazi vitamu na bitiruti zimenitesa zaidi ya vyote. Wiki ya kwanza nilikuwa napata vitu viwili tu, majivu pembeni na mpira katikati. Maji tena. Sasa nakata vyembamba sana, milimita mbili, na kisu cha kukwangulia kabichi maana mkono wangu haukati sawa, naloweka kwenye maji ya baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke (najua nalalamika maji alafu nawaambia mloweke, lakini ule wanga ndo unaungua kabla ndani hapajakauka), alafu nakausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kilowe nabadilisha kingine. Mafuta kijiko kimoja kwa bakuli zima, changanya kwa mikono. Oveni nyuzi 140 tu, sio 200, vikae kama dakika 40, unavigeuza katikati na vilivyotangulia kukauka unavitoa kwanza. Vikitoka bado viko laini kidogo usivirudishe, vinakakamaa vikipoa. Chumvi mwisho, ukiiweka mwanzo inavuta maji kutoka ndani na kazi yote ya kitambaa imepotea.

Bitiruti nakuonya mapema, kesho yake mtu anaweza kuona mkojo una wekundu. Haimpati kila mtu na haina madhara, ila mimi nilikuwa sijui na nilikuwa nimeshavaa viatu niende hospitali.

Jeli ya nanasi ndo ilinifundisha adabu. Nilikuwa nimealika watoto wa majirani, nikanunua jelatini, nikasaga nanasi fresh, nikachanganya vizuri kabisa, nikaweka friji jioni. Asubuhi maji. Nikaongeza jelatini pakiti nyingine, mchana maji. Nikasema jelatini mbovu, nikamsema hadi aliyeniuzia. Kumbe nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya (enzaimu) kinachokata protini, na jelatini yenyewe ni protini, kwahiyo nilikuwa naongeza chakula cha nanasi tu. Papai na kiwi vina tabia hiyohiyo, ndo maana ukisaga papai na maziwa ukayaacha yanakuwa machungu. Dawa ni kulichemsha nanasi kwanza dakika kadhaa, joto linaua kile kimeng'enya, au utumie agari, ile ya mwani, ambayo sio protini na nanasi haliiwezi. Agari lazima ichemke kwenye kimiminika mpaka iyeyuke yote, alafu inaganda hata bila friji, ikipoa tu inashika, kwahiyo uwe umeshaandaa vyombo kabla. Nilirudi kumuomba radhi yule muuzaji.

Keki ya karoti wengi mnaipenda, basi sikilizeni. Usisage karoti kwenye blenda ukidhani unarahisisha. Nilifanya hivyo kwenye birthday ya mkubwa, nikapata keki iliyopanda vizuri juu, katikati imezama na inalia maji ukiibonyeza, tukaila kwa vijiko kama pudini na watu wakawa wanasema nzuri nzuri huku wanaangalia pembeni. Karoti inakwaruzwa, tena kwenye matundu madogo, na kwa gramu 250 za unga usizidishe gramu 250 za karoti. Kama ni zile zenye maji mengi zikamue kidogo kwa mkono kwanza, hayo maji kunywa. Sukari mi napunguza theluthi moja ya ile iliyoandikwa kwenye mapishi na haijawahi kugoma, lakini usiitoe yote maana sukari inaishikilia keki iwe laini, ukiitoa yote unapata mkate mgumu wenye karoti. Nafasi ya sukari iliyotoka nalipia kwa mdalasini, vanila na tende nne tano zilizolowekwa zikapondwa. Hapo mtu anasikia utamu ambao nusu yake ni harufu.

Kwenye viazi vitamu kuna jambo moja nalipenda sana, kwamba utamu unatengenezwa kwenye moto. Kiazi kikipata joto polepole, ndani yake kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari kabla havijafa kwa joto lenyewe, kwahiyo kiazi kilichookwa na ganda lake taratibu, saa moja na zaidi, ukianza na oveni ya baridi, ni kitamu kuliko kilekile ukikichemsha haraka. Utakiona kinatokwa na kitu kama asali nyeusi inayonata kwenye trei. Nyama yake naiponda na siagi ya karanga na kakao, naviringisha vidonge vidogo, navigaragaza kwenye ufuta, friji lisaa. Sukari ya kuongeza sifuri. Wageni wananiuliza hizi chokoleti umenunua wapi na mi nanyamaza kwanza mpaka wamalize, maana nimejifunza kuwa ukimwambia mtu hii ni mboga kabla hajameza unamharibia ladha. Na wanangu siwaambii kitu chochote ni cha afya. Neno hilo ni sumu.

Ya mwisho ni karatasi ya embe, sijui wengine mnaiitaje, yaani embe lililosagwa likakaushwa mpaka linakuwa kama ngozi unayoweza kukunja. Saga embe na ndimu nusu, lichemshe kidogo kwenye sufuria mpaka lianze kuwa zito (umeona, tunatoa maji kabla hata hatujaanza), alafu lipake kwenye karatasi ya kuokea, unene wa milimita tatu, pembeni nene kuliko katikati kidogo maana pembeni panakauka kwanza. Oveni nyuzi 60 hivi, masaa sita mpaka nane. Oveni yangu ya gesi haishuki hapo kwahiyo naweka moto wa chini kabisa na mlango naubana na mwiko wa mbao uwe wazi kidogo, mvuke upate pa kutokea. Bonyeza katikati kwa kidole, kama hakuna alama na hakinati, tayari. Kata mikanda, viringisha na karatasi yake, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, inakaa mpaka mwezi nje ya friji. Ya kwangu haijawahi kufikisha siku nne. Ila inanata kwenye meno, kwahiyo sio ya kulala nayo, mle mchana na maji ya kunywa karibu.

Mwenye watoto wadogo pia, asali hapana kabla ya mwaka mmoja, hata tone. Na zabibu nzima, karoti mbichi ngumu na karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zabibu zikate nne kwa urefu.

Kuna watu wameshaniuliza kuhusu tikitimaji. Nimejaribu. Barafu zake ni jiwe hata na ndizi ndani, kwenye keki linalowesha kila kitu, na karatasi yake nilikausha kutwa nzima nikapata kitu chembamba kama ganda la kitunguu kutoka kwenye nusu tikiti. Siku hizi nalikata vipande, naweka friji, linaliwa hivyohivyo.