Menemen inatoka majimaji? Anza na nyanya kabla ya kulaumu mayai

Mkuu, umesema menemen yako, lile pishi la Kituruki la mayai, nyanya na pilipili, inaishia kuwa rojo jepesi lenye vipande vya yai vigumu, na kuongeza mayai hakujasaidia. Shida inaanza kabla hata yai halijapasuliwa.

Kwa watu wawili: mayai 4, nyanya 3 kubwa zilizoiva sana (kama gramu 400), pilipili ndefu za kijani 2 au 3, mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula. Waturuki hutumia sivri biber, ambayo ni nyembamba. Hoho ina nyama nene na maji mengi, hivyo moja ndogo inatosha, ikatwe vidogovidogo.

Kaanga pilipili kwanza kwa moto wa wastani, dakika 4 hivi, mpaka zilegee. Nyanya zipasue katikati uzikwangue kwenye greta ya karoti, ganda libaki mkononi. Mimina, tia chumvi, usifunike. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha! Zipe dakika 8 hadi 12. Pitisha mwiko chini ya kikaango: rojo likijifunga papo hapo, bado. Njia ikibaki wazi kidogo na mafuta yamejitenga pembeni, tayari.

Mayai usiyapige kwenye bakuli, yatameza nyanya yote na kupauka. Punguza moto, yapasulie humohumo, subiri ute uanze kuwa mweupe, ndipo utoboe viini na kukoroga taratibu mara tatu nne. Ipua yakiwa bado yanang'aa, joto la kikaango litamalizia. Yai likizidi moto hukaza na kujikamua, basi maji yanarudi hata kama nyanya ziliiva sawasawa.

Kuhusu kitunguu, Waturuki wenyewe hawajaelewana. Mwaka 2018 mwandishi wa chakula Vedat Milor alipigisha kura Twitter, wakajitokeza watu zaidi ya laki nne, wa kitunguu wakapita kwa asilimia 51. Mimi siweki, utamu wake unaifunika pilipili. Ukiweka, kitangulie kwenye mafuta mpaka kilainike kabisa.

Jibini nyeupe ivuruge juu ukishaipua, ila chumvi uwe umepunguza tangu mwanzo. Bizari ya pilau iache, hiyo ni ya shakshuka, pishi la mayai na nyanya la Afrika Kaskazini.