Kuhusu kuchagua kampuni ya maji kama laini ya simu

Mkuu, umeuliza kwa nini Dar tuna DAWASA, mamlaka ya maji ya umma, peke yake wakati laini za simu tunachagua wenyewe. Kiini chake ni bomba. Minara mitatu inaweza kusimama mtaa mmoja bila shida, lakini kufukua barabara ileile mara tatu ili kila kampuni ilaze bomba lake hadi mlangoni kwako, gharama hiyo ungeilipa wewe.

Tulishajaribu njia nyingine: kampuni zishindanie mkataba badala ya wateja. City Water, kampuni binafsi, ilikabidhiwa huduma ya maji ya Dar mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10, na Mei 2005 serikali ikauvunja. DAWASCO, shirika la umma, ikashika kazi, kisha 2018 ikaunganishwa na DAWASA.

Uingereza, upande wa England, tangu Aprili 2017 wenye biashara huchagua nani awasomee mita na kuwatumia bili. Bomba na maji ni yaleyale, na majumbani bado hakuna kuchagua.

Kwa hiyo mimi nguvu zangu naziweka kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mamlaka ya maji haipandishi bei bila idhini yake, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo twende jamani, tena na bili zetu mkononi! Soko huria tunalo tayari mtaani: boza la maji likipaki, bei anataja dereva, na mama mwenye ndoo sita kwenye foleni hana wa kumlalamikia.